Taa ya Getini Imegoma: Pima Kabla ya Kununua

Ndugu wenye nyumba, wapangaji, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi wa umeme, karibuni.

Taa ya nje ikigoma, wengi hukimbilia dukani. Inanunuliwa balbu. Balbu isipowaka, inanunuliwa swichi, kisha fotoseli, kile kifaa kinachowasha taa chenyewe giza likiingia. Siku inapowaka, kila mtu anaridhika na hakuna anayeuliza ilikuwa na nini. Masika yakija, inazima tena, na safari hii inazima pamoja na nusu ya nyumba.

Ombi letu kwenu ni hili: msinunue kitu kabla hamjajua hitilafu iko wapi. Taa ya ndani na taa ya nje zinafungwa kwa waya uleule na swichi zilezile, lakini ya nje inapigwa jua mchana, inanyeshewa usiku, na ukikaa karibu na bahari inakula chumvi mwaka mzima. Ndiyo maana hitilafu zake nyingi hazimo kwenye balbu wala kwenye swichi. Zimo kwenye viungio, kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme), na mahali maji yanapoingilia.

Kwanza tuelewane kuhusu kuzima. Swichi ya ukutani inakata laivu (waya unaoleta umeme) peke yake. Nyutro inabaki imeungwa mpaka kwenye taa. Na kama aliyefunga alikosea akapitisha nyutro kwenye swichi, basi ukizima, taa inazima kweli lakini holda inabaki na umeme kamili wa volti 230. Anayepanda ngazi kubadilisha balbu kwa kuamini swichi anahatarisha maisha. Zima meini swichi. Tena, LUKU (umeme wa kulipia kabla) kuisha si kuzima, na umeme kukatika mtaani si kuzima, maana unarudi bila kubisha hodi. Nyumba yenye inverter (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu taa za nje mara nyingi ndizo zinazowekwa kwenye inverter: meini iko chini, taa ya getini bado ina umeme. Zima vyote viwili, kisha mwambie kila aliyemo ndani kwamba kuna mtu anafanya kazi.

Ukishazima, hakikisha kwa kupima. Tesita ya bisibisi yenye kitaa cha neoni inafaa kukuonyesha umeme upo, lakini haitoshi kukuthibitishia kwamba haupo. Umesimama kwenye ngazi ya mbao, umevaa viatu vya mpira, jua kali: kitaa kinaweza kuwaka kwa unyonge usikione. Tumia maltimita, mita ya kupimia volti na ohm. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima pale unapotaka kufanya kazi, kisha rudi uijaribu tena kwenye soketi ileile. Mita yenye betri iliyoisha au waya wake uliokatika ndani inasoma sifuri kila mahali, na sifuri hiyo ndiyo inayoua watu.

Mwenye nyumba anaweza kubadilisha balbu, kuangalia dalili, kupandisha breka mara moja na kuona kinachotokea. Vipimo vya nyaya zikiwa na umeme, na kazi yoyote ndani ya boksi la breka, ni vya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania Bara, EPRA kwa Kenya. Mita ya kuhesabia umeme na lakiri yake ni mali ya shirika la umeme. Hapo fundi wa mtaani naye hana ruhusa ya kugusa.

Sasa tusome dalili, tuanze na breka.

Ukiwasha taa na breka ndogo ikashuka papo hapo kwa kishindo, laivu imegusana na nyutro au na ethi (waya wa kwenda ardhini). Ikikaa dakika kadhaa ndipo ishuke, kuna mzigo mkubwa kupita breka, au skrubu ya breka imelegea na inapata joto. Kwa taa, mzigo mkubwa ni nadra siku hizi: breka ya ampea 6 kwa volti 230 inabeba wati 1,380, na taa ya flodi ya LED ina wati 30 au 50. Kwa hiyo ikishuka baada ya muda, angalia skrubu kwanza. Kuna jambo moja la LED la kujua: zinapowashwa nyingi kwa pamoja zinavuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na huo unaweza kushusha breka nyepesi au kuunguza kontakti za swichi ingawa wati ni chache. Dawa yake ni kuzigawa kwenye swichi mbili, siyo kuweka breka kubwa. Anayeweka breka ya ampea 20 kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba wa taa anaufanya waya uungue kabla ya breka kushuka.

RCCB ni habari nyingine. Hii ni ile breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T, na kwa nyumba ya kuishi huwa ya miliampea 30. Yenyewe inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua wa kurudi, maana yake kuna unaovuja kwenda ardhini, na inakata. Ikishuka mvua ikinyesha na kukaa vizuri wakati wa kiangazi, usitafute mbali: maji yameingia kwenye taa ya nje au kwenye kiungio chake.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Taa ya getini imeingia maji, nyutro inagusana na ethi ndani yake. Mwenye nyumba anazima swichi ya getini, RCCB bado inashuka. Fundi anashusha breka ndogo ya taa za nje, RCCB bado inashuka, hasa pasi au jiko la umeme linapowashwa. Wanaona basi pasi ni mbovu. Pasi inanunuliwa nyingine, na hiyo nayo inashusha. Pasi haina kosa lolote. Swichi na breka ndogo vimekata laivu tu. Nyutro ya getini bado imeungwa kwenye baa ya nyutro, pale ndani ya boksi la breka nyutro zote zinapokutana. Pasi inapovuta mkondo mkubwa, mkondo unaporudi kwenye baa hupata njia mbili: nyutro ya kawaida, na ile inayopitia getini mpaka ardhini. Sehemu ndogo inakwenda njia ya pili, RCCB inaona pungufu, inakata. Njia ya kuthibitisha ni fundi kuzima meini, kuchomoa nyutro ya taa za nje kutoka kwenye baa, kuifunika, kisha kuwasha. RCCB ikikaa, umeshaipata sakiti yenye kosa bila kununua chochote.

Ukishaipata, ipime kwa mega ya volti 500, mita inayoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme. Toa balbu zote, tenganisha taa za LED na fotoseli, maana volti hizo zinaziua. Unganisha laivu na nyutro pamoja, pima kwenda ethi. Chini ya megaohm 1, kebo au kiungio ni kibovu. Kama kebo ni ndefu, usiifukue yote. Fungua kiungio cha katikati, pima kila upande, upande mbovu ugawe tena. Kwa namna hiyo unafika kwenye kosa haraka, na ua wako haujachimbwa mtaro usio na sababu.

RCCB hiyohiyo ndiyo tunayotaka kila nyumba yenye geti au nguzo ya chuma iwe nayo, na tutaonyesha sababu kwa hesabu. Chukua ethi rodi, ile fimbo ya chuma ya ethi, iliyopigwa kwenye kichanga kikavu, yenye ukinzani wa ohm 50. Waya wa laivu umechubuka ukagusa nguzo ya geti iliyofungwa kwenye ethi hiyo. Gawanya 230 kwa 50: unapata ampea 4.6. Breka ya taa ni ampea 6. Haitashuka. Nguzo itakaa na umeme usiku kucha, na atakayeigusa kwanza ni yule anayefungua geti alfajiri, labda akiwa peku na ardhi ikiwa na umande. Mkondo huohuo wa ampea 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya miliampea 30, kwa hiyo RCCB ingekata mara tu waya ulipogusa chuma. Nyumba nyingi za zamani zina ethi rodi na hazina RCCB, na wenyewe wanaamini wamekingwa. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho.

Turudi kwenye taa ambayo haiwaki na hakuna breka iliyoshuka. Kwanza jaribu balbu ambayo umeiona ikiwaka ndani ya nyumba. Usiamini balbu kwa sababu imetoka kwenye boksi jipya. Isipowaka, zima umeme na uangalie kile kiulimi cha shaba katikati ya holda. Balbu ikikazwa kupita kiasi kinalala chini kisiguse tena, na Pwani kinaota ukungu wa kijani. Ukikisafisha na kukiinua kidogo kwa bisibisi, umeme ukiwa umezimwa, mara nyingi kazi imekwisha.

Kama bado, fundi apime kwenye holda, swichi ikiwa imewashwa. Laivu kwa nyutro ikisoma 230 au karibu yake, waya hauna tatizo. Kosa ni la holda au taa yenyewe. Laivu kwa nyutro ikisoma sifuri lakini laivu kwa ethi ikasoma 230, nyutro imekatika mahali. Hapa tesita ya bisibisi inawachanganya watu sana: balbu ikiwa imefungwa, nyaya zote mbili zinawasha kitaa, fundi anasema kuna laivu mbili. Hakuna laivu mbili. Umeme umepita ndani ya balbu ukafika upande wa pili, ukakosa njia ya kurudi. Tafuta nyutro iliyochomoka kwenye kiungio au kwenye baa. Kama laivu kwa ethi nayo ni sifuri, na una uhakika ethi ipo, basi laivu haifiki: rudi nyuma kwenye swichi.

Kuna kipimo cha nne kinachosumbua, pale mita inaposoma volti 60 au 90. Mita za kidijitali zinaona hata umeme uliorithiwa kutoka waya wa jirani ndani ya paipu moja. Funga hapo balbu ya kizamani ya waya wa joto, ya wati 40 au 60, kisha pima tena. Ikianguka hadi sifuri, ulikuwa umeme wa kurithi na waya wenyewe umekatika. Fundi, balbu hiyo ya kizamani usiitupe. Iweke kwenye begi lako.

Kwenye swichi, kumbuka kwamba nyaya zote mbili ni za laivu: mmoja unaleta, mwingine unapeleka kwenye taa. Katika nyumba za zamani laivu ni nyekundu, nyutro nyeusi. Katika mpya laivu ni kahawia, nyutro bluu. Ethi ni kijani au kijani na njano. Lakini kebo inayoshuka kwenye swichi mara nyingi ni ileile ya rangi mbili, kwa hiyo waya mweusi au wa bluu uliomo kwenye swichi si nyutro hata kidogo. Anayechukua nyutro ya taa mpya kutoka hapo anaziunga taa mbili kwa mfululizo, na zote zinafifia au hazifanyi kazi. Kupima swichi yenyewe ni rahisi: zima meini, toa waya mmoja, weka mita kwenye ohm. Ikiwashwa isome chini ya ohm 1, ikizimwa isisome kitu. Ikirukaruka unapoibonyeza, kontakti zimeungua. Fungua na uangalie ndani pia: sisimizi wanapenda sana boksi la swichi ya nje, na mjusi aliyekauka katikati ya nyaya si jambo geni.

Swichi za njia mbili, moja barazani na nyingine kwenye kibanda cha mlinzi, zina ugonjwa wao: taa inatii swichi ya barazani pale tu ile ya mlinzi inapokuwa upande fulani. Watu wanabadilisha swichi zote mbili. Hazina ubovu. Kila moja ina sehemu tatu za kuingizia waya, COM, L1 na L2, na mtu aliyezifungua zamani alirudisha waya wa COM kwenye L1. Swichi ya barazani inapaswa kupokea laivu kwenye COM. Ya mlinzi inapaswa kupeleka kwenye taa kutoka COM. L1 na L2 za huku zinaungana na L1 na L2 za kule kwa nyaya mbili. Waya wa COM ukirudi mahali pake, taa inatii kote kuwili. Angalia maandishi kwa makini, maana baadhi ya watengenezaji huandika L badala ya COM, na mpangilio wa matundu hutofautiana kutoka swichi hadi swichi.

Fotoseli inastahili muda wetu kidogo. Ile ya kawaida madukani ina nyaya tatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeusi inapokea laivu. Nyekundu inapeleka laivu kwenye taa. Nyeupe ni nyutro. Fundi aliyezoea nyumba za zamani, ambako nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, anafunga kwa mazoea: laivu kwenye nyekundu, nyutro kwenye nyeusi. Kontakti ya ndani iko kati ya nyaya hizo mbili. Ikifunga, laivu inakutana uso kwa uso na nyutro, breka inashuka au fotoseli inaungua, na lawama inapelekwa kwa muuza duka. Soma mchoro ulio ubavuni mwa kifaa kabla ya kuchubua waya hata mmoja.

Fotoseli nzima nayo inaweza kufanya vituko. Taa inayowaka na kuzima kila baada ya muda mfupi usiku kucha inaonyesha kwamba fotoseli inaona mwanga wa taa yake yenyewe, au wa taa ya jirani: inawaka, inadhani kumekucha, inazima. Igeuze au isogeze. Ukitaka kuijaribu mchana, ifunike kabisa kwa kitambaa cheusi na usubiri kama dakika mbili, maana imetengenezewa kuchelewa ili wingu au mwanga wa gari visiihadae. Isipowasha, pima nyeusi kwa nyeupe: lazima pawe na 230. Zikiwepo, na nyekundu haitoi kitu ikiwa imefunikwa, hapo ndipo ununue nyingine. Sensa ya mwendo ni vilevile, ila angalia pia vile vitufe vyake vya mwanga na muda. Nyingi zinazoitwa mbovu zimewekwa zifanye kazi gizani tu na zinajaribiwa saa sita mchana.

LED inayobaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa ina sababu tatu. Ama swichi inakata nyutro badala ya laivu, na hiyo ni hatari, irekebishwe siku hiyohiyo. Ama swichi ina kile kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, nacho kinapitisha mkondo mdogo. Weka swichi isiyo nacho. Ama kebo ni ndefu na waya unaopeleka laivu kwenye taa umelala na mwingine wenye umeme njia nzima, ukarithi. Kapasita ya X2 (aina iliyotengenezewa umeme wa nyumbani) ya mikrofaradi 0.1, inayofungwa sambamba na taa ndani ya boksi lake, inamaliza kero hiyo. Kuhusu taa kufifia kwa sababu ya umbali, tuseme wazi kwamba kwa LED si kweli: flodi ya wati 30 kwenye mita 40 za waya wa 1.5 haipotezi hata nusu volti. Ikififia, kuna kiungio kinachopata joto, au umeme wa mtaa mzima uko chini.

Basi tuje kwenye kiungio. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hakufai nje. Gundi ya tepu inalainika kwa jua, tepu inafunguka, na sokota inashika kutu kutoka ndani. Tumia konekta ya skrubu ndani ya boksi la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya mvua. Chubua milimita 8 hadi 10, ukunje ncha ya waya mara mbili ili skrubu ishike vizuri, na pasionekane shaba nje ya konekta. Ivute kwa mkono baada ya kukaza. Kebo iingie kwenye boksi kwa chini, kupitia glandi (kizibo kinachobana kebo) iliyokazwa, na kabla ya kuingia iache ining'inie kidogo ili maji yadondoke badala ya kufuata waya mpaka ndani. Taa ya ukutani ipakwe silikoni juu na pembeni, chini iachwe wazi. Wanaoziba pande zote wanafungia jasho la usiku ndani, na mwezi haupiti taa ina maji kama imetumbukizwa ndooni.

Kebo bapa nyeupe au ya kijivu isikae juani bila paipu, inapasuka ganda. Inayopita chini ya ardhi kwenda getini iwe ya amadi, yenye nyaya za chuma kuzunguka, izikwe angalau nusu mita, na sentimita 60 au zaidi mahali gari linapopita, iwe na mchanga chini na juu yake na utepe wa onyo kabla ya kufukia. Zile nyaya za chuma zifungwe kwenye ethi kwa glandi yake. Zikiachwa hewani, jembe litakapoitoboa kebo, chuma chote kitapata umeme bila chochote kukata.

Kazi ikiisha, funika maboksi yote ndipo uwashe. Pima nyutro kwa ethi kwenye taa: isome karibu na sifuri. Kisha bonyeza kitufe cha T kwenye RCCB. Lazima ishuke palepale. Isiposhuka, sakiti ya nje ibaki imezimwa mpaka RCCB nyingine ifungwe.

Sasa ni zamu yenu. Mwenye picha ya boksi lake la breka, au aliyekuja na taa iliyoingia maji, asogee mezani tuifungue pamoja.